Kwa Nini Sirudi Butembo na Lori la Paluku

Bunia, mtaa wa Rwambuzi
Jumapili, baada ya kanisa

Baba mpenzi, Mwalimu wangu wa kwanza,

Pokea salamu zangu za heshima na mapenzi kabla hujavaa miwani, maana najua ukishaivaa utaanza kutafuta makosa ya herufi. Magoti yako yanasemaje na baridi ya huko? Mama ameng'oa lile jino, au bado anangoja litoke lenyewe kwa aibu? Na kahawa imeiva, au ukungu wa Butembo umeinyima jua? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nakohoa kidogo tu kwa sababu ya vumbi, kwani mvua imechelewa hapa Bunia na kila gari likipita tunakula mchanga pamoja na maharagi. Usimwambie Mukaka. Mama yako huyo akisikia neno kikohozi ataanza kunichemshia majani akiwa huko huko.

Mama Kavira, yule muuza vitenge wa kwetu aliyenipokea nyumbani kwake, anawasalimu wote. Ananitunza kama binti yake, yaani ananigombeza kila siku. Anasema nimekonda. Nilipomjibu kwamba niko hivi tangu kuzaliwa, aliniongezea bugali bila kunisikiliza.

Baba, barua yako imenifikia. Paluku aliileta mwenyewe mpaka hospitalini, akaniita katikati ya ua kwa sauti ya mtu anayenadi mbuzi, wagonjwa wote wakageuka. Nimeisoma na kuirudia. Unasema umesikia kwamba daktari tuliyepewa hapa hafundishi, na kwamba sisi wanafunzi tunazurura kati ya vitanda kama kuku wasio na mwenyewe. Unasema umemwendea padri, na padri amemwendea yule daktari mzee wa kwetu ambaye huamuru masomo neno kwa neno, wanafunzi wakaandika mpaka nukta, naye amekubali nimalizie kwake mwaka wangu wa mazoezi ya hospitali. Unasema Paluku akirudi kutoka Mongbwalu siku ya Jumatano nipande lori lake, nikae mbele.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilitembea mpaka kijito na kurudi, nikijibizana nawe kwa sauti mpaka wanawake waliokuwa wakifua wakaniangalia. Halafu nikakuona akilini unapanda ule mlima wa misheni na magoti yale, umevaa koti lako la sikukuu, unakwenda kuniombea. Hapo hasira ilikwisha nikabaki na machozi. Sasa nimetulia. Nisikilize kwanza, ndipo unikasirikie kama bado utataka.

Waliokuambia hawakudanganya. Dokta Ngabu hafundishi. Nadhani hata namjua aliyekuambia: ni yule mwenzetu wa tatu, maana tulifika hapa watatu na yeye akaomba kuhama, akapita Butembo akienda zake. Simlaumu. Hata mimi wiki za kwanza nililala nikiwaza kufunga sanduku langu.

Unajua tulivyosoma chuoni. Profesa anaamuru, sisi tunaandika. Akikohoa, tunaandika. Baadaye maandishi yale yanapigwa mashine, yanakuwa silabusi, na mtihani ni kumrudishia profesa sentensi zake jinsi alivyozitoa, zisiharibike njiani. Ndivyo nilivyopata sifa ya kuwa na kichwa. Tulipokuja Bunia, silabusi zetu zilikuwa nzito kuliko nguo. Bolamba, mwenzangu aliyebaki, alizifunga kwa mpira wa baiskeli ili zisimwagike barabarani.

Asubuhi ya kwanza Dokta Ngabu alisimama kwenye kitanda cha kwanza. Ni mtu mfupi, mpole, anavaa kandambili wodini. Bolamba akafungua mdomo tayari kukariri, naye Dokta akainua mkono.

"Kama uko na jibu, bakia nayo," alisema. "Miye nataka ile haujue."

Tukatazamana. Akatueleza desturi yake, na ndiyo desturi mpaka leo: kila asubuhi, kabla ya kuzunguka vitandani, kila mwanafunzi analeta jambo moja asilolijua. Si la kitabuni, ni la mgonjwa wake mwenyewe, yule aliyelala pale. Ukilisema, Dokta hakupi jibu. Anasema tu, "Enda utafute, kesho utatuelezea." Na mara nyingine anaongeza, bila haya yoyote, "Miye pia sijue."

Wewe ni mwalimu, Baba, nikukumbushe darasa lako. Ukiuliza, "Mmeelewa?" watoto wote wanaitika, "Ndiyo, Mwalimu!" mpaka yule aliyelala dirishani. Nilikaa katika darasa lile, niliitika pamoja nao, na mara nyingi sikuwa nimeelewa chochote. Ndivyo tulivyokua. Kusema "sijui" mbele ya mkubwa ni kama kuvua nguo sokoni. Kwa hiyo tulifanya nini? Tulidanganya. Kila jioni mimi na Bolamba tulitafuta kwenye silabusi jambo tunalolijua barabara, tukaligeuza kuwa swali, asubuhi tukalileta tukiwa tumekunja uso kama watu wanaosumbuka.

Siku moja Bolamba akauliza, kwa unyenyekevu mkubwa, "Dokta, homa inaletwa na nini?" Kabla Dokta hajafumbua mdomo, Bolamba akashindwa kujizuia, akaanza kujijibu: kwanza, pili, tatu, mpaka mwisho wa ukurasa. Dokta akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwonyesha mama aliyelala mbele yetu.

"Na huyu mama, homa yake inapandaka saa gani?"

Bolamba akaanza kupekua silabusi yake.

"Leta kiti, ikala hapa karibu naye," Dokta akamwambia, "mpaka upate kitu haujue."

Akakaa asubuhi nzima. Yule mama, mtu wa Bogoro, alimwona kijana hana kazi, akampa mtoto amshike, na mtoto akamkojolea koti jeupe. Nilicheka mpaka nikatoka nje. Lakini Baba, kesho yake Bolamba alileta swali la kweli, la kwanza kati yetu, nikamwonea wivu.

Sasa nikueleze lililonipata mimi, maana ndilo limenishika hapa.

Nimepewa banda la kifua kikuu. Usiogope, na Mama asiogope, tunafungua madirisha na tunajilinda. Katika banda hilo yupo mzee mmoja, Muislamu, mchimba dhahabu wa zamani, jina lake Ramazani. Ni mtu safi sana, kitanda chake kimenyooshwa kuliko vyote. Kila siku anachomwa sindano ya kifua kikuu, na kifua chake kilikuwa kinapona vizuri. Lakini akaanza kuyumba. Alitembea amepanua miguu, akishika ukuta. Asubuhi moja alianguka bombani, akapasuka nyusi. Baada ya siku chache akaanguka tena, pale pale.

Banda lile lina sheria: mgonjwa anayekunywa pombe anarudishwa kwao, kwa sababu pombe na dawa hizo havipatani. Muuguzi mkuu, Mama Furaha, hana mchezo na sheria hiyo. Alimwinua mzee kwenye matope, akamwambia mbele ya banda zima, "Weye muzee, ukianguka tena utabeba blanketi yako uende. Hapa iko hospitali, haiko baa."

Mzee alijifuta matope kwa hasira. "Mama, miye sikunywaka pombe. Hata harufu yake naikimbiaka."

Watu wakacheka. Mtu anayeyumba akisema hajanywa, nani atamwamini? Mimi nilikuwa nimesimama pale na kalamu yangu, na sikucheka, lakini sikumtetea pia. Niliona aibu kwa ajili yake, basi. Ukifukuzwa kabla dawa haijamaliza kazi, kifua kinarudi, na kikirudi kwa mzee wa umri ule tunajua mwisho wake.

Kesho yake, kwenye maswali, nilikuwa na swali langu la uongo tayari. Nikaliacha. Nikasema, "Dokta, sijui kwa nini Mzee Ramazani anaanguka. Nimemkaribia, harufu ya pombe hana."

Mama Furaha akaguna. Dokta Ngabu akamtazama mzee, akanitazama mimi. "Miye pia sijue," alisema. "Enda utafute. Mama Furaha, mutamungojea kwanza, musimufukuze."

Baba, hujui upweke wa neno hilo, "enda utafute." Niliingia kwenye chumba cha dawa ambako kuna kabati la vitabu vya zamani, vingine vimeliwa na mchwa mpaka sentensi zinakatika katikati. Nilisoma mpaka macho yakauma. Magonjwa yanayoangusha watu ni mengi kama nyasi. Sikujua hata nianzie wapi, na hakuna aliyekuwa akiniamuru. Mwisho nikafunga vitabu nikamwendea mzee mwenyewe. Nikamuuliza jambo ambalo kweli sikulijua: unaanguka ukiwa unafanya nini?

Alifikiri. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Binti yangu, naangukaka nikiosha uso, mbele ya sala," akasema. "Maji ikifika ku uso, nafunga macho, na miguu inanipotea."

Nikamwomba asimame karibu yangu, miguu pamoja, macho wazi. Akasimama. Nikamwomba afumbe macho. Alianza kwenda upande kama mti uliokatwa, nikamkumbatia kiunoni tusianguke wote wawili, huku yeye akinung'unika kwamba si adabu. Akifumbua, anasimama. Akifumba, anakwenda. Basi si miguu, na si pombe, maana pombe haingoji ufumbe macho. Nikarudi kabatini, safari hii nikijua ninachotafuta, nikakipata: mahali pa sikio la ndani panaposhikilia mwili usianguke, na dawa inayoweza kupaharibu. Ni ile ile sindano tuliyokuwa tukimchoma kila siku.

Nilipoona jina la dawa nilikaa chini, Baba. Kwa sababu sentensi ile naijua. Naijua tangu mwaka wa pili! Madhara ya dawa hiyo yako kwenye silabusi, kwa Kifaransa, moja baada ya jingine, na mimi niliyaimba yote kwenye mtihani nikapata alama za juu darasani. Na unakumbuka nilivyojifunza? Likizo ile, nyumbani, wewe umeshika silabusi, kidole chako kwenye mstari, mimi natembea jikoni kati ya Mama na sufuria. Hukujua maana ya maneno yale, na ukweli ni kwamba hata mimi sikuyajua, lakini nikiruka neno moja unagonga meza unasema, "Rudia." Nikarudia. Neno lile lilikaa kichwani mwangu miaka yote hiyo, safi kabisa, na siku lilipokuja limevaa kanzu, limeshika ukuta, likivuja damu kwenye nyusi, sikulitambua.

Sikulaumu hata kidogo. Bila kidole chako nisingefika chuoni, wala nisingejua kusoma kitabu chenye mashimo ya mchwa. Lakini nimeogopa sana tangu siku ile. Ninajiuliza ni mangapi mengine yamelala kichwani mwangu namna hiyo, na wagonjwa wake wananipita.

Kesho yake nilieleza mbele ya wote. Nilichanganya Kifaransa na Kiswahili. Dokta Ngabu akampima mzee mwenyewe, macho wazi, macho yamefumbwa, akampima na masikio, akakuta kwa bahati njema bado anasikia. Akasimamisha sindano siku ile ile, akamwekea vidonge vya aina nyingine. Halafu akainama kwa mzee.

"Muzee, ni dawa yetu ndiyo ilikufanya vile. Haukulewa. Tusamehe."

Mzee Ramazani akajiinua kitandani. Kisha akasema, "Dokta, sema nguvu. Batu bote basikie."

Na Dokta akasimama katikati ya banda, akasema kwa nguvu, kitanda hadi kitanda wakasikia, kwamba mzee huyu hakunywa. Mama Furaha akaendelea kugawa vidonge. Lakini mchana nilimwona amebeba kigoda kutoka jikoni, akakiweka karibu na bomba, na tangu siku hiyo mzee anatawadha amekaa. Nisikudanganye kwamba amepona yote. Kuyumba kumepungua tu, na Dokta anasema huenda kutabaki. Kama ningeuliza mapema, labda angesimama imara zaidi. Lakini kifua kinaendelea kupona, na hakufukuzwa.

Ndiyo maana, Baba, sipandi lori.

Si kwamba hapa ni raha. Siku nyingi natafuta na sipati. Wiki iliyopita nilieleza kwa kujiamini jambo ambalo lilikuwa upuuzi mtupu, na Bolamba bado ananitania. Kuna asubuhi ninapotamani mtu aniamuru tu, niandike, nilale. Wewe unafikiri niko hapa bila mwalimu. Mimi naona kwamba baada ya mwaka huu naweza kupelekwa zahanati ya Djugu, au porini kabisa, na huko hakuna profesa wala daktari mzee wa kuamuru, nitakuwa peke yangu na mgonjwa. Nikienda kwa yule daktari wa kwetu nitarudi kuwa hodari wa kuitika, na nitamaliza na alama nzuri, utazisoma kwa majirani. Halafu atakuja Ramazani mwingine.

Najua ninachokuomba. Itabidi urudi kwa padri ukamwambie kwamba binti yako amekataa, na padri atasema ndiyo matokeo ya kusomesha wasichana. Mwambie ubishi huu si wa chuo, ni wa kwako. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Mshukuru kwa niaba yangu, kwa moyo kabisa, na yule daktari pia, maana alitaka kunitendea wema.

Paluku atakuletea barua hii pamoja na furushi la samaki wa ziwani, wa Kasenyi, waliokaushwa vizuri. Mama awaloweke kwanza, wana chumvi. Msalimie yeye, na umwambie jino halitoki kwa kutishwa. Msalimie Mukaka, na umpe yeye kipande cha mgongo. Msalimie kaka Kambale anayekulimia kahawa, na mke wake, na umwulize mtoto wao ameota meno mangapi. Msalimie shangazi anayeuza unga sokoni, yeye aliyenipa kitambaa cha kichwa nilichovaa leo kanisani. Na watoto wa darasa lako wote, hasa yule anayelala dirishani.

Baba, nimehesabu maneno yote niliyowahi kukuambia tangu nianze kusema, na neno moja sikulikuta. Sijawahi kukuambia "sijui." Ukiniuliza nilijibu, na nisipojua nilibuni, kwa sababu niliona uso wako ukifurahi nikijibu, na nilikupenda kuliko nilivyopenda ukweli. Basi leo nakuandikia kwa mwandiko ulionifundisha mwenyewe: sijui kama utanisamehe. Sijui kama nitakuwa daktari mzuri. Jumatano Paluku atapiga honi mbele ya hospitali, nitatoka nimkabidhi samaki na bahasha hii, nitashika mlango wa lori, na sijui nitapata wapi nguvu ya kuufunga nikiwa nje.

Lakini nitaufunga.

Mtoto wako anayekupenda sana, na anayekukatalia kwa mara ya kwanza,

Kahindo